"Asiyekuwepo na lake halipo": nafanyia kazi Dodoma, ofisi ya Dar imeanza kunisahau

Shangazi shikamoo,

Nina miaka 34, nimeolewa, nina watoto wawili, na ninaishi Ilazo hapa Dodoma. Ni mchambuzi wa takwimu za mauzo katika kampuni ya pembejeo ambayo ofisi yake iko Dar es Salaam. Huu ni mwaka wangu wa saba nao. Mwaka juzi mume wangu alihamishiwa wizarani, Mtumba. Tukakaa miezi 8 yeye huku mimi kule, watoto wanamwona baba yao mwisho wa mwezi, hadi mdogo akawa anamkimbia akifika. Nikaona haiwezekani. Nikamwomba bosi wangu nifanyie kazi Dodoma, naye hakusita: "Kazi yako ni kompyuta na intaneti, nenda tu." Hatukuandikishana kitu. Kwa furaha niliyokuwa nayo sikuuliza hata swali moja.

Mwanzoni mambo yalikwenda vizuri mno. Saa 2 kamili asubuhi nimeshakaa kwenye kazi, sijagombania daladala, sijakaa foleni, na takwimu zikawa zinatoka mapema kuliko nilipokuwa ofisini. Bosi alinisifu mbele ya wenzangu.

Sijui hasa ilianza kubadilika lini. Simu ndizo zilizopungua kwanza. Halafu kuna ripoti ya kanda ya kati niliyoifanyia kazi siku 3 mfululizo. Nilipoituma bosi akanijibu, "Kwani hukuambiwa? Mpangilio huo tuliuacha wiki iliyopita." Waliuacha wakiwa kwenye chai ya saa 4. Nani angenikumbuka mimi kwenye chai?

Kikao cha Jumatatu ndicho kinachonitesa zaidi. Wao wako 9, wamezunguka meza moja yenye kompyuta moja, mimi nimo kwenye kioo ukutani. Anayekaa mwisho wa meza namsikia kama anazungumzia ndani ya pipa. Wakicheka nami natabasamu, ingawa sijui wanacheka nini. Mwezi uliopita kijana mpya aliuliza, nami nasikia, "Huyu dada ni wa wapi? Ni wakala wetu wa Dodoma?" Alikuwa na wiki 5 kazini.

Kisha ikaja nafasi ya kiongozi wa kitengo. Nilijua kwamba ilikuwapo siku ambayo tayari ilikuwa na mtu. Amepewa mwenzangu ambaye mimi ndiye niliyemfundisha majedwali alipoajiriwa. Sina kinyongo naye, ni mchapakazi na ananiheshimu. Nilipompigia kumpongeza akaniambia, kwa nia njema kabisa, "Dada, si unajua, asiyekuwepo na lake halipo."

Shangazi, tangu siku hiyo sijielewi. Nahakikisha kile kitone cha kijani kinachoonyesha kwamba niko hewani hakizimiki. Kompyuta naipeleka hadi jikoni; nakoroga ugali mkono mmoja, mwingine nagusa kipanya. Najibu ujumbe saa 4 usiku ili waone niko macho. Umeme ukikatika natokwa jasho, naandika maelezo marefu kama mtuhumiwa.

Na nyumbani nako! Mama mkwe wangu ametoka Kongwa, anakaa nasi tangu macho yamsumbue. Ni mtu mwema, lakini kwake aliyekaa nyumbani hana kazi. "Mwanangu, kwa kuwa upo tu, twende hospitali." "Kwa kuwa upo tu, wageni wanakuja." Jirani ananiletea mtoto nimwangalizie. Huku nahesabiwa sina kazi, kule nahesabiwa sipo.

Naogopa kumwambia bosi, kwa sababu jibu lake rahisi ni "basi rudi Dar". Nirudi niwaache wanangu tena? Niache kazi? Au kuna namna ya kuwafanya watu waone kwamba nipo?

Mimi niliyepo,
Ilazo, Dodoma

Marahaba mwanangu,

Barua yako nimeisoma mara mbili, na hilo neno lako la "huku nahesabiwa sina kazi, kule nahesabiwa sipo" limenikaa moyoni siku nzima. Nilishawahi kuwa mahali hapo, wakati ambao intaneti ilikuwa haijatufikia.

Mwaka 1994 nilipelekwa Singida kusimamia ofisi ndogo ya shirika moja lenye makao yake makuu Dar es Salaam. Simu ya kuaminika ilikuwa ofisi ya jirani. Ripoti nilizitia kwenye bahasha ya kaki na kumkabidhi kondakta wa basi, naye huko mwisho wa safari akamkabidhi tarishi wetu. Mwaka mzima niliandika ripoti za kurasa 12, kila mwezi, kwa mwandiko mzuri, na sikujibiwa hata moja. Nililia. Niliamini kuna mtu hanipendi. Nilipokwenda Dar kwenye mkutano wa mwaka nikazikuta kwenye kabati la katibu muhtasi, bahasha 4 hazijafunguliwa. Mama yule ndiye aliyenifundisha kazi. Aliniambia, "Mzee anasoma ukurasa wa kwanza tu. Na kwenye ukurasa wako wa kwanza hujamwambia unataka afanye nini."

Niliporudi nikabadilisha. Ukurasa wa kwanza ukawa na yaliyokamilika, yaliyokwama, na ninachohitaji kutoka kwake kabla ya tarehe fulani. Mwezi wa pili jibu likaja na basi la kurudi. Hakuna aliyekuwa amenichukia. Nilikuwa nimekaa kimya kwa kurasa 12.

Nakusimulia haya kwa sababu naona na wewe uko kimya, ingawa unahangaika usiku na mchana. Mtu akiwa ofisini kimya chake kina mwili. Wenzake wanamwona ameinamia meza, wanaambiana, "Mwache, ana kazi." Wewe uko umbali wa zaidi ya kilomita 450, kimya chako hakina mwili, kwa hiyo kila mmoja anakijaza anavyotaka. Mmoja anadhani umelala, mwingine anadhani umeshaacha kazi, na yule kijana mpya akadhani wewe ni wakala. Kitone cha kijani hakiwezi kukijaza. Kinasema mashine imewashwa, basi. Kiache kizimike kuanzia leo usiku. Na ujumbe wa saa 4 usiku nao uache, maana sheria ya kazi ya nchi hii imeweka kikomo cha saa 45 za kawaida kwa wiki, na unazitumia nyingine ambazo hakuna anayeziona wala kuzihesabu, ukiwanyima wanao waliokupeleka Dodoma.

Unachotakiwa kufanya ni kusema kabla hujaulizwa. Kila Jumatatu saa 1 na nusu, kabla ya kikao, weka ujumbe mfupi kwenye kundi la kitengo. Nitakuandikia mfano, ubadilishe maneno:

"Habari za asubuhi wote. Takwimu za Desemba za kanda ya kati zimekamilika, ziko kwenye folda yetu. Mbegu za alizeti Singida zimeshuka. Mawakala wawili wananiambia mzigo uliwafikia mvua zimeshaanza. Nimewauliza watu wa ghala, nasubiri jibu lao kesho. Bosi, naomba uamue leo kama tuwahesabu mawakala wa Manyoni peke yao au pamoja na Singida, ili nifunge hesabu Jumatano."

Huo unasomeka kwa dakika moja. Hauna "nimejitahidi", hauna "licha ya changamoto za umeme". Una kazi iliyoisha na mahali ilipo, jambo moja ulilogundua wewe, na swali linalomtaka mtu mmoja ajibu kwa siku fulani. Ukifanya hivyo wiki 6 mfululizo wataanza kuusubiri, na siku usipouweka watakupigia kuuliza kulikoni.

Umeme nao uuendee hivyohivyo. Aliye mbali hasamehewi kupotea, lakini husamehewa kwa urahisi akiaga. "Umeme umekatika Ilazo, niko kwenye simu, hesabu nitazirudia saa 8." Imetosha. Weka bando la akiba kwenye laini ya mtandao mwingine, na kompyuta ishinde imejaa chaji, hasa siku za vikao.

Sasa kuhusu cheo. Hukujitungia. Mwanauchumi Nicholas Bloom wa Chuo Kikuu cha Stanford na wenzake walifuatilia wafanyakazi wa huduma kwa wateja wa Ctrip, kampuni ya usafiri ya Shanghai, China, kwa miezi 9 kati ya 2010 na 2011. Waliopangwa kufanyia kazi nyumbani walizalisha kwa asilimia 13 zaidi. Lakini walipolinganishwa na wenzao wa ofisini wenye ufanisi uleule, kiwango chao cha kupandishwa vyeo kilikuwa kama nusu. Soma hilo tena mwanangu: walifanya zaidi, wakapanda kidogo. Kampuni hiyohiyo ilichunguzwa tena baadaye, safari hii wafanyakazi 1,612, baadhi yao wakikaa nyumbani siku 2 kwa wiki na kwenda ofisini siku zilizobaki. Matokeo yaliyochapishwa 2024 yalionyesha kwamba hawakuachwa nyuma kwenye vyeo, na walioacha kazi walipungua kwa theluthi. Wewe huwezi kuwa ofisini siku 3 kwa wiki. Ila nachukua somo moja: uso ukionekana mara kwa mara, hata kama si kila siku, pengo linaweza kuzibika.

Na ile chai ya saa 4 isikuumize kama kwamba walikutenga. Thomas Allen, profesa wa chuo kikuu cha MIT kule Marekani, alipima miaka ya 1970 jinsi wahandisi wanavyozungumza kazini, akakuta mazungumzo yanaporomoka haraka kadiri meza zinavyoachana. Zikifika kama mita 50, watu hawazungumzi sana kuliko wale walioko majengo tofauti. Mita 50 tu! Kwa hiyo maamuzi ya chai yanamwacha nje hata mtu wa ghala aliye uani kwao. Ukiliinua jambo hilo, liinue kama shida ya ofisi nzima, kwa sababu ndivyo lilivyo.

Utaliinua kwa nani? Kwa huyo mwenzako uliyemfundisha majedwali. Nimeona umemtaja kwenye barua kwa huzuni, lakini sasa yeye ndiye kiongozi wa kitengo, anakuheshimu, na vikao vya Jumatatu viko mikononi mwake au vitakuwa karibuni. Alikupa methali kwa sababu hakujua aseme nini. Mpigie, usimwandikie. Mwombe mambo mawili. La kwanza, siku za kikao kila mmoja afungue kompyuta yake na kuingia kivyake hata kama wamekaa meza moja, ili nyuso zote ziwe na ukubwa sawa na wa mwisho wa meza asikike. Wakishindwa, basi mmoja akae karibu na kompyuta na kazi yake iwe kukurudishia yaliyosemwa pembeni. La pili, uamuzi wowote unaobadilisha kazi ya mtu uandikwe siku hiyohiyo mahali pamoja, mstari mmoja, hata kama umefanyika kwenye chai. Jitolee wewe kulitunza faili hilo. Ninakushauri hivyo makusudi, kwa sababu anayetunza kumbukumbu za maamuzi hupigiwa simu na kila mtu.

Kisha bosi. Unaogopa atasema rudi Dar. Mimi naogopa zaidi mkiendelea hivi mwaka mwingine, halafu aje bosi mpya asiyejua ruhusa yako ilitoka wapi. Ruhusa ya mdomo ni ya aliyeitoa. Akiondoka, ameondoka nayo. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, kifungu cha 15, inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi maelezo ya maandishi ya ajira yake, yakiwamo mahali pa kazi na saa za kazi, na yakibadilika mwajiri ayarekebishe kwa kushauriana naye na kumjulisha kwa maandishi. Usiende na kifungu mkononi kama uko barazani. Sema tu, "Bosi, nakushukuru uliponiruhusu. Naomba tuiweke kwenye maandishi ili mimi na kampuni tuwe salama: mahali pa kazi Dodoma, saa zangu hizi, nakuja Dar mara ngapi na nauli ni ya nani."

Kwenye mazungumzo hayohayo uliza kuhusu cheo, lakini usiulize kwa nini yeye na si mimi. Swali hilo litamfanya ajitetee, nawe utatoka na maneno matupu. Muulize, "Nafasi nyingine ikitokea, nitapimwa kwa vitu gani, na nitajuaje kwamba imetokea?" Andika atakayojibu, umtumie jioni ile ukimshukuru. Hapo naye ameshajifunga kwa maneno yake.

Kuna jambo hukuliandika kabisa, nami nalistaajabia. Wewe umekaa kwenye dhahabu. Kampuni yenu inauza pembejeo, na unaishi Dodoma! Wizara ya Kilimo iko huku. Bunge la bajeti linakaa huku kuanzia Aprili hadi Juni, na bajeti ya kilimo inasomwa hapo. Nanenane ya Nzuguni iko kwenye mji wenu. Soko la nafaka la Kibaigwa liko wilaya ya Kongwa, nyumbani kwa mama mkwe wako, na mahindi yanayoshushwa pale yanakuambia mengi kuhusu mbegu zitakazonunuliwa msimu ujao. Wenzako wa Dar wanaiona kanda ya kati kwenye majedwali yako tu. Omba siku moja kila mwezi uwatembelee mawakala, Kibaigwa mwezi huu, Manyoni ujao, urudi na mambo matatu ambayo namba hazisemi, na picha za maduka yao. Agosti, timu ikija Nanenane, wewe ndiye mwenyeji: jua mapema watalala wapi na wakulima gani wataalikwa. Mtu akitaka kujua jambo la kanda ya kati, jina lako liwe la kwanza kumjia. Kuonekana kwa namna hiyo hakuhitaji kamera.

Mji unaoishi wenyewe umewahi kupitia hali yako. TANU iliamua mwaka 1973 kwamba makao makuu yahamie Dodoma, na kwa zaidi ya miaka 40 Dodoma ikawa makao makuu kwenye karatasi huku maofisi na maamuzi mengi yakibaki Dar. Kilichogeuza mambo kuanzia 2016 ni kwamba watu na mafaili yalihama kweli, mkaanza kufuatwa huku. Mumeo ni mmoja wa waliohama. Fanya na kazi yako vivyo hivyo, iwe na kitu ambacho lazima watu wakifuate Ilazo.

Nenda Dar mara moja kwa mwezi, ukiweza. Treni ya SGR ilipoanza safari za Dodoma Julai 2024 nauli ya daraja la kawaida ilikuwa shilingi 31,000, na safari ni ya saa tatu na nusu hivi hadi nne, kutegemea na treni. Ungesafiri kwa basi ungepoteza siku nzima. Lakini ukifika usijifungie na kompyuta. Hiyo hata Ilazo unayo. Siku hiyo ni ya watu. Kunywa hiyo chai ya saa 4. Kaa na mhasibu, nenda ghala, msalimie dada wa mapokezi na dereva, kwa sababu wao ndio wanaojua habari kabla hazijawa habari. Ukienda msimu wa zabibu beba kreti moja. Hakuna ofisi ya Dar inayomsahau mtu aliyeifikia na zabibu za Dodoma.

Na kwetu sisi mtu anahesabiwa yupo kwenye msiba na kwenye harusi. Najua unatuma michango kwa simu, jina lako linaandikwa kwenye orodha na imeishia hapo. Piga simu. Mwenzako akifiwa, mpigie siku ile, halafu mpigie tena baada ya wiki, wakati wengine wameshatawanyika. Mwenye mtoto anayefanya mtihani muulize mtihani ulikwendaje. Dakika 10 kila Ijumaa kwa mtu mmoja, bila habari za kazi. Ni kweli kwamba mambo haya yanakusaidia kazini, lakini mimi nayasema kwa sababu nyingine pia: barua yako ina upweke mwingi kuliko unavyokiri. Mwenzako wa miaka 7 huwezi kumgeuza kioo cha ukutani na usiumie.

Nyumbani, mzungumzaji na mama mkwe awe mume wako, ni mama yake. Amweleze kwamba mkewe ameajiriwa na mshahara wake unaingia humu ndani. Kisha wewe umwonyeshe. Mkaribishe akae karibu na wewe kikao cha Jumatatu kinapoanza, awasalimie wenzako, awaone wana nyuso na wanakuita jina. Ukienda kazini vaa nguo za kutokea, usikae na kanga, ili aone tofauti ya saa 2 na saa 11. Hospitali ya macho ipange siku moja ya wiki inayojulikana, uombe ruhusa waziwazi, umpeleke kwa moyo mweupe. Mzee haumwi kwa sababu wewe uko nyumbani. Jirani mwambie kwa upole, "Kuanzia saa 11 mlete, kabla ya hapo niko kazini." Atanuna siku mbili, atazoea.

Kuhusu kurudi Dar, siafiki, walau kwa sasa. Wala usiache kazi ukiwa na hasira. Jipe miezi 6 kuanzia siku utakayozungumza na bosi. Akikataa kuandika chochote, na nafasi nyingine ikapita bila kukujulisha, utakuwa umepata jibu lake, na hapo uanze kutafuta kazi hapa hapa Dodoma ukiwa na ripoti nzuri mkononi na miezi hiyo 6 ya kuwajua mawakala wa kanda.

Kesho, kabla ya yote haya, tafuta namba ya yule kijana mpya. Mpigie umwambie, "Mimi ndiye dada wa kwenye kioo, kazi yangu ni takwimu za mauzo, na jedwali unalolifungua kila asubuhi nalitengeneza mimi." Kisha muulize yeye ni wa wapi.

Shangazi yako